Ukimwelekeza mwenzako kwenye faili, usimpoteze njiani

Mgeni akikupigia simu akiwa Thika Road na kuuliza unakoishi Mugutha, huwezi kumwambia "njoo mahali fulani, uingie nyumba fulani." Unampa njia yote: steji ya kushukia, barabara ya kuingia, rangi ya geti, nambari ya mlango. Ukiruka hatua moja, atabisha kwa jirani.

Sasa mbona ukiwaandikia wenzako mwongozo wa Linux unawaambia hivi?

cp /njia/ya/faili /mahali/fulani

Wewe unajua hayo ni maneno ya mfano tu. Aliyenunua kompyuta yake ya kwanza ya mtumba juzi hajui. Atayachapa vivyo hivyo, aambiwe faili haipo, kisha aamini kompyuta si za watu kama yeye. Miongozo ya Kiingereza nayo imejaa "foo" na "bar". Kijana wa Ruiru akiona "bar" atafikiria kwingine kabisa!

Mpe mfano unaoeleweka:

cp /home/wanjiru/insha.txt /home/wanjiru/shule/

Kisha mwambie waziwazi: "wanjiru" ni jina la mfano, weka lako. "/home" iache ilivyo, kwani ndiko Linux huweka folda za watumiaji. Ukianza na Wanjiru, maliza naye. Ukimgeuza Otieno katikati, msomaji atadhani mmehamia kompyuta nyingine.

Chunga herufi pia. Kwa Linux, "Picha" na "picha" ni folda mbili tofauti. Na useme mapema mwongozo ni wa mfumo upi, maana Linux hutumia mkwaju huu /, ilhali Windows hutumia huu \.

Hatari kubwa iko kwenye nafasi kati ya maneno. Tuseme umeandika:

rm -r /home/wanjiru/picha za zamani

Ulitaka kufuta folda iitwayo "picha za zamani." Linux inasoma vitu vitatu: "picha", "za" na "zamani". Kama kuna folda iitwayo "picha", inafutwa yote, pamoja na picha za harusi ya dada na za marehemu babu. Wala amri hiyo haipeleki kitu kwenye pipa la taka ukakiokote baadaye. Kwa hivyo tumia vistari: picha-za-zamani. Na mfano wa kufuta uhusu folda ya majaribio ambayo msomaji ameiunda mwenyewe, isiyo na kitu cha maana.

Mwaka 2004, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilitoa Jambo OpenOffice, programu ya ofisi inayozungumza Kiswahili. Mifano yako pia inaweza.

Kabla ya kusambaza mwongozo wako, mpe mtu asiyejua Linux aufuate, nawe ukae kimya umtazame. Akiuliza, "Hapa niandike nini?" usimjibu kwa mdomo. Rudi ukarekebishe mstari huo.