Filtre ya mazutu ikikatala kutoka, nguvu peke haitoshi

Wandugu wa kazi, mu garaje za Kolwezi na Likasi mungali Land Cruiser nyingi za zamani, zile za moteri 1HZ, silindere sita, mazutu. Njo zinatubeba asubui kwenda ku kazi, njo zinaturudisha usiku. Filtre ya mazutu ikiziba, moteri inakosa pumuzi ku mulima. Watu wanabaki kando ya barabara, makamyo yenye kujaa mawe yanawapita karibu, na saa zile zinakatwa ku mushahara.

Sisi wa sendika tukiuliza, mara nyingi jibu ni moja: filtre haikubadilishwa juu ilikatala kutoka. Fundi aliizungusha kwa mikono, akaiacha. Hatumulaumu. Walimutuma pasipo kle.

Filtre inakatala juu ya nini? Kwanza, wa mbele aliikaza na kle, na ilipashwa kukazwa na mukono tu. Pili, mpira wake uliingia mukavu, moto wa moteri ukaupika, ukashikamana na chuma. Tatu, ilikaa miezi mingi kupita kipimo.

Kuitosha kuko hivi. Moteri ipoe kwanza. Tosha waya ya batri, hapana sigara, hapana moto karibu, kizima-moto kiwe pale. Weka beseni chini, fungula kizibo cha maji, mazutu ishuke. Kama kuko waya ya maji, itoshe pia.

Angalia upande wa kuzungusha, hapa wengi wanapotea. Filtre inaning’inia, kinywa juu. Ukiitazama kutokea chini, unazungusha kushoto. Ukiinama juu ya moteri, mukono unaonekana unaenda kuume. Wengi wanazidi kuikaza wakizani wanalegeza.

Panguza mafuta, kisha funga kle ya mukaba juu kabisa, karibu na mpira, pale chuma iko nguvu. Katikati itafinyangika. Kama mukaba unateleza, weka papye ya msasa ndani. Vuta polepole, bila kupiga.

Kutoboa filtre na turnevis ni mwisho wa yote. Chuma ile ni nyepesi, inapasuka sawa mukebe wa samaki, na mazutu inamwangika. Ikibaki kisahani tu, gonga ukingo wake na burini, kidogo kidogo, pasipo kugusa meno ya katikati. Kuipasha na moto, hapana hata siku moja.

Mbele ya kuweka mupya, angalia kama mpira wa zamani haukubakia juu. Mipira mbili inaingiza hewa. Kifaa cha maji cha chini kihamishwe, na mpira wake mupya. Paka mpira mazutu safi, zungusha mpaka uguse, ongeza nusu ao robo tatu ya muzunguko, na mukono. Piga pompe ya juu mpaka uisikie inakuwa nguvu. Washa, chunguza kama haivuji.

Kle ya mukaba si kitu cha bei kubwa mbele ya kampuni. Lakini tumeona fundi ananunua yake na mushahara wake, na mwengine anapasua mikono juu hana. Chombo cha kazi kinatoka kwa patroni. Sheria ya kazi n° 015/2002 ya tarehe 16 oktoba 2002 inaomba kila muajiri aweke komite ya usalama ku kazi, na wajumbe wetu wanakaa mule.

Kwa hiyo, wajumbe, ku kikao chenye kuja muombe vitu vitatu: kle ya filtre mu kila garaje, filtre za akiba, na kitabu chenye kuandika tarehe na kilometa za kila filtre. Na ninyi ba mama, bwana akisema motokari ilikufa mara ya tatu mu mwezi, mumuulize: filtre ilibadilishwa lini? Akikosa jibu, alete ulizo lile kwa mujumbe wake.