WAYA NDANI YA UKUTA: TUJUE INAPITA WAPI



Katika nyumba nyingi tunaona ampule na priza tu. Waya zenyewe zimefichwa ndani ya ukuta. Basi mtu akitaka kufunga chandarua ao kalendari, anakamata nyundo na musumari, anapiga. Anaweza kutoboa waya yenye volti 220. Hapo kifo ni karibu. Kwa hiyo tueleze namna waya inapashwa kupitishwa.

1. Njia inyooke. Waya ishuke wima mpaka kwenye priza, ao ipite mulalo, sawa na sakafu. Kukata ukuta kwa mshazari haifai, hata kama inapunguza mita mbili za waya. Kwa nini? Fundi atahama, lakini yule atakayekaa katika nyumba ataona priza na kujua: juu yake, chini yake na kando yake hapapigwi musumari.

2. Tiyo. Waya za kawaida zisizikwe moja kwa moja ndani ya simenti. Zipite ndani ya tiyo ya plastiki. Zisijaze zaidi ya sehemu moja kwa tatu ya nafasi ya tiyo. Hivi joto linapata nafasi, tena waya ikiharibika tunaivuta na kuweka ingine bila kubomoa ukuta. Maungo ya waya yawe ndani ya kisanduku chenye kifuniko kinachoonekana, kamwe si chini ya simenti, maana maungo mabaya ndiyo yanapata moto sana.

3. Unene. Kwa ampule tunatumia waya ya 1,5 mm², kwa priza 2,5 mm². Tufanye hesabu ya fizike: resho mbili, kila moja wati 2000, ni wati 4000. Tugawanye kwa volti 220: ampere 18 na zaidi. Waya ya 1,5 mm² inapashwa kulindwa kwa ampere 16, si zaidi. Fizibli ikikatika, wengine wanatia kipande cha waya nene. Resho zinawaka, wanafurahi! Kumbe waya inaungua ndani ya ukuta na hakuna anayeiona.

4. Rangi. Kijani pamoja na manjano ni waya ya udongo, basi. Tusiitumie kupitisha umeme hata siku moja, kwani atakayefungua kisha sisi ataishika bila woga.

5. Ukuta wenyewe. Tusichimbe pande zote mbili mahali pamoja. Tofali zitakosa nguvu.

Wazazi wenu wakijenga, chukueni daftari na mita mbele ya kupaka simenti. Chora kila ukuta, andika tiyo iko sentimeta ngapi toka mlango na toka sakafu. Karatasi hiyo ikae pamoja na karatasi za kiwanja. Na pale pasipo karatasi, kata umeme wote kwanza, ndipo uchukue nyundo.