Jinsi Kompyuta Zinavyopelekeana Habari

Mhariri wa gazeti letu ameniomba niwaeleze vijana wa vidato vya chini habari za mtandao wa kompyuta, maana ndiyo kazi yangu siku hizi. Nimekubali kwa furaha, tena nina sababu yangu mwenyewe. Mwaka 2019, nilipokuwa kidato cha tano hapo shuleni, niliuangusha mtandao wote wa shule kwa mkono wangu, siku ya mwisho ya kupeleka majina ya watahiniwa Kampala, wala sikumwambia mtu. Habari hiyo nitaieleza mahali pake, kwa kuwa itatusaidia kuelewa mengine.

Kompyuta mbili zikiunganishwa zikaweza kupelekeana habari, basi hapo pana mtandao. Kiungo chaweza kuwa waya wa shaba, au uzi wa kioo upitishao mwanga, au mawimbi ya redio kama yale ya simu zetu. Lakini kiungo peke yake hakitoshi. Waketishe watu wawili benchi moja, huyu anajua Kiacholi tu na yule Kinyankole tu, nao watatazamana hata jioni. Kompyuta nazo lazima ziwe na mapatano: nani aanze, anwani iandikwe wapi, na neno likipotea njiani lirudiwe vipi. Mapatano hayo huitwa itifaki. Yale yanayotumika leo duniani pote yalitokana na kazi ya Wamarekani wawili, Vint Cerf na Bob Kahn, waliyoitangaza mwaka 1974.

Mtandao wa kwanza wa namna hii ulikuwa ARPANET, huko Marekani. Tarehe 29 Oktoba 1969 kijana mmoja wa chuo kikuu cha UCLA alijaribu kupeleka neno LOGIN kwa kompyuta iliyokuwa mbali, karibu na mji wa San Francisco. Zikafika herufi mbili tu, L na O, kisha kompyuta ya pili ikazimika. Nimewaambia haya ili yule atakayeharibu kitu siku yake ya kwanza ajue kwamba ana wenzake.

Sasa, habari haisafiri nzima. Ukimpelekea rafiki picha, kompyuta yako huikatakata vipande vidogo viitwavyo pakiti, na kila pakiti kwa kawaida haizidi herufi 1,500 hivi. Juu ya kila moja huandikwa anwani ya itokako, anwani ya iendako, na namba yake katika safu. Pakiti zaweza kupita njia mbalimbali, hata ya tano ikafika kabla ya ya tatu. Mpokeaji huzipanga kwa namba zake, na iliyopotea hupelekwa tena. Kwa nini kujisumbua hivyo? Fikirini kisima chenye bomba moja. Mtu akija na mapipa kumi akayajaza yote mfululizo, wengine watasimama mpaka jua lichwe. Lakini kila mtu akijaza debe moja kisha akampisha mwenzake, wote watapika jioni. Wazo hilo la kukata habari vipande waliligundua watu wawili miaka ya 1960, kila mmoja kwa upande wake: Paul Baran wa Marekani na Donald Davies wa Uingereza.

Kila kompyuta ina anwani mbili, na jambo hili huwachanganya wengi. Ya kwanza hutiwa kiwandani, ni alama kumi na mbili za tarakimu na herufi, nayo ni kama jina ulilozaliwa nalo. Ya pili hupewa na mtandao inaoingia, ni namba nne zilizotengwa kwa nukta, kila moja kati ya 0 na 255, mathalani 192.168.1.20. Ukienda shule nyingine utakuta kompyuta yenye namba hiyo hiyo, wala hakuna ugomvi, kama vile kila bweni lina kitanda namba 12. Namba za namna hiyo ni za matumizi ya ndani tu. Habari ikitoka nje hubadilishiwa namba langoni. Mpango huo ulihitajika kwa sababu namba hizo zote duniani ni kama milioni elfu nne na mia tatu, nazo hazitoshi. Ndiyo maana umetungwa mpango mpya wa namba ndefu zaidi.

Ndani ya chumba cha kompyuta utaona kisanduku chenye matundu mengi na taa ndogo. Hicho ni swichi. Swichi ni kama kiranja mpya wa bweni anayepewa barua azigawe. Siku ya kwanza hamjui mtu, kwa hiyo husimama mlangoni akapaza sauti kwa wote. Lakini kila kompyuta inaposema neno, swichi huangalia sauti imetoka tundu lipi na kulikumbuka. Baada ya muda mfupi hupeleka kila barua kitandani kwa mwenyewe bila kelele. Hata hivyo, ziko barua ambazo ni lazima zitangazwe kwa wote, kwa mfano kompyuta ikiuliza, “Nani humu mwenye namba hii?” Tangazo kama hilo swichi hulitoa katika matundu yote, ila lile liliingilia. Shikeni neno hilo, ndilo lililoniponza.

Kisanduku kingine ni ruta, mlinzi wa lango. Barua isiyo ya humu ndani hupewa yeye. Naye hajui njia nzima. Anachojua ni kwamba barua za upande fulani ampe jirani fulani, na jirani naye hufanya vivyo hivyo. Uganda haina pwani, kwa hiyo habari zetu nyingi za ng'ambo hupitia kwa majirani. Zamani zilipanda kwa setilaiti kilometa 36,000 juu ya ardhi na kushuka tena, hata kuuliza na kujibiwa kukachukua nusu ya sekunde. Julai 2009 mkongo wa chini ya bahari uitwao SEACOM ulianza kazi, ukigusa Mombasa na Dar es Salaam. Kutoka Mombasa nyuzi za kioo huja mpaka Malaba na Busia, njia ile ile ya malori. Tarehe 12 Mei 2024 SEACOM na mwenzake EASSy ilikatika baharini upande wa Afrika Kusini, na huku kwetu kurasa zikakataa kufunguka. Wengi walizilaumu simu zao! Lakini barua ya kutoka shuleni kwenda Kampala haina haja ya kufika baharini, maana tangu mwaka 2001 pako mahali mjini Kampala ambapo makampuni ya mtandao hukutana na kubadilishana habari za humu nchini.

Sasa kosa langu. Siku hiyo ya 2019 ilikuwa zamu yangu kufagia chumba cha kompyuta. Kompyuta moja ilikuwa imepelekwa kwa fundi, na waya wake ukabaki sakafuni. Nikaona ncha moja imelala karibu na swichi, nikadhani imechomoka. Nikaichomeka katika tundu lililokuwa wazi, nikaenda zangu nikijiona mwema. Sikufuata waya nione ncha ya pili iko wapi. Ilikuwa ndani ya swichi ile ile.

Tazameni lililotokea. Kompyuta moja ilitoa tangazo lake. Swichi ikalitoa matundu yote, na lile lililopita katika waya wangu likarudi swichini kwa tundu la pili. Swichi ikaliona kuwa tangazo jipya, ikalitoa tena kwa wote; likazunguka likarudi tena. Matangazo yakaongezeka mpaka pakawa hapana nafasi ya barua ya kweli hata moja. Pakiti zipitazo kwenye ruta zina hesabu ndani yake: kila ruta hupunguza moja, na hesabu ikifika sifuri pakiti hutupwa. Lakini barua za swichi hazina hesabu hiyo, basi huzunguka bila kikomo. Mwaka 1985 mama mmoja Mmarekani, Radia Perlman, alitunga njia ya swichi kugundua mzunguko kama huo na kufunga tundu moja zenyewe. Swichi za bei nafuu, kama ile yetu, mara nyingi hazina ufundi huo.

Saa nane mchana Mwalimu wa kompyuta alikuwa amebakiwa na majina 41, na muda ulikuwa unakwisha saa sita usiku. Asiyeandikishwa hangeketi mtihani. Akazima na kuwasha kila kitu, akapiga simu kwa kampuni ituletayo mtandao, nao wakasema kwao hakuna ubaya. Watahiniwa walikusanyika nje ya dirisha, mmoja wao binamu yangu. Nikasema kwa woga, “Mwalimu, labda ni umeme?” Akajibu, “Kijana, ungekuwa umeme taa hizi zingezimika. Zitazame, zote zinapepesa pamoja kama zina wazimu.” Nadhani maneno hayo yake mwenyewe ndiyo yaliyomfumbua macho, maana aliinama akaanza kuchomoa waya mmoja mmoja, akingoja kidogo baada ya kila mmoja. Alipofika wa kumi na saba taa zikatulia. Akaufuata kwa vidole kutoka ncha hadi ncha, akacheka peke yake, akauviringisha na kuutia mfukoni.

Jina la mwisho liliingia saa nne na robo usiku. Asubuhi yake alibandika karatasi yenye namba kwenye kila waya, ncha zote mbili, na mimi nilimshikia mkasi. Hakuuliza ni nani, nami sikusema. Mwalimu, najua gazeti hili hulisoma: ni mimi.