Nyumba, Chakula na Maji ya Kinyonga

Wasikilizaji wangu, yuko mnyama mmoja aishiye katika miti ya nyumbani kwetu, na wengi wetu tukimwona hukimbia au huokota jiwe. Mnyama huyo ni kinyonga. Wazulu wa kusini, na makabila mengine mengi ya Kibantu, husimulia ya kwamba kinyonga alitumwa awaletee watu habari ya uzima, naye akakawia njiani hata mjusi akamtangulia na habari ya mauti. Kwa ajili ya hadithi hiyo amechukiwa bure. Mimi nilipokuwa mtoto niliwaona wenzangu wakimtia tumbaku kinywani ili wamtazame akifa, wala sikuwakataza.

Siku hizi wako watu wanaotaka kumfuga. Katika Ulaya na Marekani hununuliwa kwa fedha, na hata wanafunzi wangu huniuliza habari zake. Basi leo nitaeleza nyumba yake na chakula chake, lakini nitaanza na maji, kwa kuwa kinyonga wangu wa kwanza alikufa kwa kiu, hali bakuli la maji limejaa mbele yake.

Ilikuwa hivi. Tulimpata juu ya mpera, mmoja wa wale wa kijani wenye ngozi mbili shingoni kama masikio ya ndovu. Nikamweka darasani katika sanduku la kioo ili wanafunzi wote wamwone. Kila asubuhi mwanafunzi mmoja alibadilisha maji ya bakuli, na mwingine alileta panzi. Baada ya siku chache akaacha kula. Macho yake, ambayo huwa yametokeza kama vifuniko vya duara, yakabonyea ndani; akakaa ameyafumba mchana kutwa, kisha akafa. Wanafunzi waliniuliza sababu, nami sikuwa na jibu.

Jibu nililipata baadaye. Kinyonga huishi juu ya matawi, na maji anayoyajua ni umande na matone ya mvua yanayong'aa juu ya majani. Maji yaliyotulia bakulini kwa kawaida hayatambui kuwa ni maji. Kwa hiyo yapasa kumnyeshea mvua. Asubuhi, na tena jioni kabla jua halijatua, nyunyiza majani ya kizimba chake kwa bomba dogo la kunyunyizia, au chovya kicha cha nyasi katika maji safi na kukikung'uta juu yake. Iko njia nyingine iliyo bora zaidi: chukua kopo safi, litoboe chini kwa sindano, lijaze maji, uliweke juu ya kizimba ili litone polepole juu ya majani, chini weka chombo cha kupokea maji yasije yakafanya tope. Usiwe na haraka. Pengine kinyonga atayatazama matone muda mrefu kabla ya kuanza kuyalamba, na mtu asiye na subira huondoka akidhani hana kiu.

Kama wataka kujua anakunywa vya kutosha, tazama mavi yake. Pamoja na sehemu nyeusi hutoka sehemu nyingine ngumu kidogo, ndiyo mkojo wake. Ikiwa ni nyeupe, ni vema. Ikiwa ni ya rangi ya chungwa, ana kiu, na usingoje mpaka macho yabonyee.

Sasa nyumba. Lile sanduku la kioo lilikuwa kosa la pili. Kioo likipigwa na jua huwa kama chungu juu ya moto. Tena hewa haipiti, na kinyonga akiona sura yake mwenyewe hudhani ni adui. Kizimba kiwe cha fito au mbao, na pande zake ziwe za wavu. Kiwe kirefu kwenda juu, maana mnyama huyu hupenda kupanda: kwa kinyonga mkubwa, upana wa sentimita 60 kila upande na urefu wa sentimita 120 si mwingi. Ndani weka mti hai katika chungu, na matawi membamba ayawezayo kuyashika kwa vidole vyake, ambavyo vimegawanyika mafungu mawili kama koleo. Majani yawe mengi hata aweze kujificha usimwone kabisa. Wengine hulalamika kwamba basi hakuna faida ya kumfuga. Lakini kinyonga asiye na maficho huishi katika hofu, na hofu humdhoofisha.

Jua la asubuhi ni lazima. Kwa nguvu za mwanga wa jua ngozi yake hufanya vitamini D, na bila hiyo mwili wake hauwezi kutumia chokaa iliyo katika chakula. Mifupa hulainika na miguu hupinda. Mwanga uliopita katika kioo cha dirisha haufai, kwa sababu kioo huizuia sehemu ile ya mwanga inayofanya kazi hiyo. Wafugaji wa nchi za baridi hulazimika kununua taa za pekee, nasi twapewa jua bure. Lakini nusu ya kizimba iwe kivulini siku zote, ili achague mwenyewe. Asubuhi utamwona ameigeuza ngozi kuwa nyeusi ili anywe joto. Akishapata moto hurudia rangi yake. Hivyo si kweli kwamba hubadili rangi ili afanane na kila kitu anachokikanyaga. Rangi yake hufuata zaidi joto, hofu na hasira.

Kila kinyonga awe na kizimba chake. Madume mawili hupigana, na hata kuonana tu kila siku huwachosha. Jihadharini pia na siafu: kinyonga wa mwituni aweza kuwahama, lakini aliyefungwa ataliwa hai usiku mmoja. Miguu ya meza ya kizimba isimame katika makopo ya maji.

Chakula chake ni wadudu walio hai: panzi, nyenje, nzi, mende wa kufugwa, na viwavi wasio na manyoya. Ulimi wake hupita urefu wa mwili wake, na kumtazama akiurusha ni jambo la kufurahisha kuliko michezo mingi. Mdudu asiwe mpana kuliko nafasi iliyo kati ya macho yake mawili. Mkubwa hutoshwa na wadudu watano au sita kila siku ya pili. Mdogo apewe kila siku. Wadudu wenyewe walishwe kwanza karoti, boga au majani mabichi, kwa kuwa mdudu mwenye njaa ni ganda tupu. Mara kwa mara wapakwe unga laini wa maganda ya mayai, ndiyo chokaa niliyoitaja. Asipewe kimulimuli, kwa kuwa ana sumu, wala wale panzi wa rangi kali watoao povu linalonuka, wala mdudu yeyote wa shamba lililopuliziwa dawa.

Vinyonga si wa namna moja. Yule wa masikio ya ndovu hustahimili joto, na jike lake hutaga mayai ardhini. Akianza kuzungukazunguka chini, mpe ndoo ya udongo wenye unyevu apate kuchimba, kwani jike asiyepata mahali pa kutaga aweza kufa. Yule wa pembe tatu, aliyepewa jina la kitaalamu mwaka 1896 kwa heshima ya Bwana Frederick Jackson, ni wa milima ya Kenya na kaskazini ya Tanzania. Yeye huzaa watoto walio hai, hupenda usiku wa baridi, na joto la pwani humwua.

Kabla ya kumkamata yeyote, uliza kwanza ofisi ya wanyamapori, kwani sheria huwalinda, na biashara yao kati ya nchi na nchi imesimamiwa kwa mkataba tangu mwaka 1977. Na ukichoka kumfuga, mrudishe katika mti ule ule ulikomtoa, si mahali pengine. Mwaka 1972 mwenye duka la wanyama katika visiwa vya Hawaii alipokea vinyonga wa pembe tatu kutoka Kenya. Walikuwa wamekonda kwa safari, akawaachia bustanini wapate nguvu. Wakaipata, wakaondoka, wakazaana. Na leo wako katika visiwa kadhaa vya huko, wakila wadudu na konokono wadogo ambao hawapatikani popote pengine duniani.