Kirangozi wako wa pesa ni nani? Usije ukaingizwa mjini!

MSOMAJI wangu, hebu niambie ukweli. Umeshawahi kuchacha tarehe 8 ya mwezi wakati mshahara umeingia tarehe 1? Usione aibu, tuko wengi. Mimi mwenyewe ninayeandika hapa nilishawahi kutembea kwa miguu kutoka Ipuli mpaka Soko Kuu la Tabora, si kwa ajili ya mazoezi, bali kwa sababu mfuko ulikuwa umetoboka.

Tatizo letu vijana wa mjini si kwamba hatupati. Tunapata, japo kidogo. Tatizo ni kwamba hakuna aliyetukalisha chini akatuonyesha pesa inashikwaje. Shuleni tulifundishwa riba kwenye hesabu, tukapata tiki, tukasahau. Nyumbani mambo ya pesa yalikuwa siri ya baba na mama. Matokeo yake tunafundishwa na mtaa, na mtaa ada yake ni kubwa!

YALIYONIKUTA

Mwaka mmoja nilitaka kupendeza kwenye harusi ya mshikaji wangu. Sare, mchango, zawadi, na simu mpya ya kupigia picha. Nikaenda kwa jamaa mmoja anayekopesha, wale ambao siku hizi mtaani wanaitwa "kausha damu". Sikuulizwa maswali mengi. Nilipewa sh. 200,000, nikaacha kadi yangu ya benki pamoja na namba ya siri. Mwisho wa mwezi nirudishe sh. 300,000. Nikaona poa tu.

Mwisho wa mwezi ukafika, laki 3 sikuwa nayo. Jamaa akatabasamu, akasema, "Usijali kaka, leta laki moja ya riba, deni tutalisogeza mbele." Tukalisogeza mwezi wa kwanza, wa pili, wa tatu, wa nne.

Siku moja nikaenda kwa shangazi yangu pale Isevya, nia yangu ni kumpiga mzinga. Nikamkuta anachambua maharage.

"Shikamoo shangazi."

"Marahaba mwanangu. Mbona umekonda?"

Nikamweleza. Akauliza maswali matatu tu. "Ulikopa ngapi?" Laki 2. "Umeshalipa ngapi?" Laki 4. "Na sasa hivi unadaiwa ngapi?" Nikanyamaza, maana jibu lilikuwa laki 2 ileile, na riba ya mwezi ule juu yake. Shangazi akaweka ungo chini.

Hebu linganisha. Kwa kanuni za Benki Kuu ya Tanzania (BoT), mkopeshaji wa daraja la pili, yaani asiyepokea amana, haruhusiwi kutoza riba inayozidi asilimia 3.5 kwa mwezi. Kwa laki 2 hiyo ni sh. 7,000. Miezi minne ni sh. 28,000. Mimi nililipa sh. 400,000. Hapo ndipo nilipojua kuwa nimeingizwa mjini nikiwa mjini!

NJIA YA MISAFARA ILISHAYAONA HAYA

Usidhani mambo haya yameanza na simu za kupangusa. Tabora yetu hii, katika karne ya 19, ilikuwa kituo kikubwa cha misafara kutoka Bagamoyo kwenda Ujiji. Pesa ya njiani ilikuwa vitambaa vya merikani na kaniki, shanga na waya wa shaba. Mpagazi wa Kinyamwezi alibeba mzigo wa kama frasila mbili, yaani kilo 32 hivi, na ujira wake ulipatanwa kabla ya safari. Hata neno "posho" tunalolipenda kwenye vikao lilitumika njiani humo: ndiyo iliyokuwa riziki ya mpagazi. Aliyeila ya siku nyingi kwa siku moja, safari iliyobaki alijua mwenyewe.

Madeni nayo yalikuwepo. Wafanyabiashara wengi wa misafara walichukua mali kwa mkopo kutoka kwa matajiri wa Kihindi wa Unguja, wakaahidi kulipa kwa pembe za ndovu. Wengine madeni yaliwazidi, wakabaki huku bara miaka na miaka kwa sababu pwani walikuwa na watu wa kukutana nao. Na tusifiche, njia hiyohiyo ilipitisha watumwa, binadamu waliofanywa bidhaa. Biashara isiyo na huruma haijaanza leo.

Sasa sikiliza kisa cha David Livingstone, yule mmisionari na msafiri ambaye tembe alilokaa pale Kwihara, nje kidogo ya mji, limekuwa makumbusho. Alipofika Ujiji mwishoni mwa mwaka 1871, mgonjwa na amechoka, alitegemea kukuta shehena ya vitambaa na shanga aliyotumiwa kutoka pwani. Hakukuta kitu. Mtu aliyekabidhiwa mali hiyo, akiitwa Sherifu, alikuwa ameitumia kwa biashara zake mpaka ikaisha. Mali ilikuwa mikononi mwa mtu mmoja, hakuna aliyemkagua, na mwenyewe yuko mbali. Bila Stanley kutokea na mzigo wake, mzee wa watu angeendelea kuomba.

Lakini njia hiyo ilikuwa pia na mtu wa kuaminika. Aliitwa kirangozi. Huyu ndiye aliyetangulia mbele ya msafara, anaijua njia, anajua maji yako wapi. Alitoka miongoni mwa wapagazi, wapagazi walimkubali, na alitembea kwa miguu pamoja nao. Msafara ukipotea, na yeye kapotea. Ukifika, na yeye kafika.

Hapo ndipo pa kushika, msomaji wangu. Ukitafuta mtu wa kukufundisha pesa, mtafute kirangozi, si Sherifu. Utawatofautishaje?

MASWALI MANNE YA KUMPIMA

Kwanza, je, anataka kukufundisha au anataka kushika pesa yako? Mwalimu wa kweli atakuonyesha namna ya kuandika hesabu, pesa ikiwa bado mfukoni mwako. Akianza kwa kusema "weka hapa, wiki ijayo itazaa mara mbili", kimbia. Tuikumbuke DECI. Watu walipanda "mbegu" zao kule wakitarajia mavuno ya haraka, na wengi waliamini kwa sababu waliokuwa mbele yao walikuwa watu wa heshima. Mwaka 2009 serikali ikaisimamisha, watu wakalizwa. Mavuno ya wa kwanza yalikuwa mbegu za waliofuata, basi.

Pili, je, anajulikana na mamlaka? Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018 imewapanga watoa huduma katika madaraja manne. Taasisi zinazopokea amana na wakopeshaji wanasimamiwa na BoT yenyewe. SACCOS ziko chini ya Tume ya Maendeleo ya Ushirika. Vikundi vya kijamii, kama vikoba, vinasajiliwa kupitia halmashauri. Kwa hiyo kuuliza "leseni yako iko wapi?" si dharau, ni haki yako. Na wa kwenye simu vilevile: Novemba 2024 BoT ilitangaza orodha ya programu 69 za mikopo zilizokuwa zikifanya kazi bila leseni. Ukiona programu inataka majina yote yaliyomo kwenye simu yako kabla ya kukupa elfu 20, jua siku ukichelewa kulipa, mpaka mama mkwe atapigiwa!

Tatu, je, daftari liko wazi? Mtu au kikundi kisichotaka uone kilichoandikwa, kina jambo. Hata benki uiulize: makato ya mwezi ni ngapi, na kama benki ikifungwa nitalipwa? Hili si la kinadharia. Januari 2018 BoT ilizifungia benki 5 kwa mkupuo. Amana za benki zina bima ya Bodi ya Bima ya Amana, ambayo mwaka 2023 kiwango chake cha juu kilipandishwa kutoka sh. milioni 1.5 hadi milioni 7.5. Lakini bima hiyo ni ya benki na taasisi za fedha zinazopokea amana. Kikoba chako hakimo. Kinga ya kikoba ni macho yenu wenyewe.

Nne, na ndilo kubwa kuliko yote: je, ana mzigo begani? Yaani mambo yakiharibika, na yeye ataumia? Yule jamaa wa kausha damu, mimi nikishindwa kulipa, kwake ndiyo sikukuu.

SANDUKU LENYE KUFULI TATU

Turudi kwa shangazi. Yeye ni mwanachama wa kikoba, akina mama wa jirani, wengi wao wauza mchele, dagaa na asali. Mtindo huu wa kuweka na kukopeshana ulianzia Niger mwaka 1991 kwa akina mama wa vijijini waliosaidiwa na shirika la CARE, baadaye ukafika kwetu na kuenea mpaka vichochoroni.

Wanakutana kila wiki. Kila mmoja ananunua hisa mbele ya wenzake, inaandikwa, inasomwa kwa sauti. Pesa inaingia kwenye sanduku lenye kufuli tatu, na funguo ziko kwa watu watatu tofauti. Anayekaa na sanduku hana ufunguo. Mkopo hauzidi mara tatu ya hisa zako, na riba haiendi kwa tajiri: mwisho wa mzunguko inarudi kwa wanachama wenyewe. Pembeni kuna mfuko wa jamii kwa ajili ya msiba na ugonjwa.

Shangazi akakopa kikobani kwa jina lake, akanikomboa. Kadi yangu ikarudi, nikabadilisha namba ya siri siku hiyohiyo. Masharti yake yalikuwa mawili. Moja, nimrejeshee kila wiki, maana nikichelewa atakayesimama mbele ya wenzake kujieleza ni yeye. Mbili, kila jioni niandike kwenye daftari nilichopata na nilichotumia, na Jumapili nimletee alisome.

Daftari lile lilinifundisha kuliko semina yoyote. Wiki ya kwanza niligundua kuwa vocha na soda za ofa kwa washikaji zinakula zaidi ya kodi ya chumba. Nani angejua?

NA WATOTO JE?

Pale kwa shangazi yupo mjukuu wake wa miaka 9. Zamani alipewa pesa ya shule kila asubuhi. Sasa anapewa sh. 2,000 kila Jumatatu, ya wiki nzima. Wiki ya kwanza ikaisha Jumatatu hiyohiyo, kwenye barafu na karanga. Jumanne akalia. Mimi nikaingiza mkono mfukoni, shangazi akanikata jicho.

"Mwache," akasema. "Bora aumie na buku mbili akiwa na miaka 9, kuliko laki mbili akiwa na miaka 29. Kama mtu fulani."

Nikatoa mkono mfukoni kwa adabu.

Wiki ya tatu mtoto alibakisha sh. 600, akaitia kwenye kibubu. Akitumwa dukani anarudi na chenji na kuihesabu mbele ya bibi yake. Na hapa wazazi tuambiane ukweli: wangapi tumevunja kibubu cha mtoto tukasema "nitarudisha", hatujarudisha mpaka leo? Mtoto hapo hajifunzi kuweka akiba. Anajifunza kwamba akiba huliwa na wakubwa. Ukikopa kwake, andika, na umlipe siku uliyosema. Kibubu kikijaa, benki kadhaa zina akaunti za watoto zinazofunguliwa na mzazi. Nenda naye dirishani, aone pesa yake inavyopokelewa.

PA KUANZIA

Kama huna shangazi kama wangu, usikate tamaa. Nenda kamwone afisa maendeleo ya jamii wa kata yako, kazi yake ni pamoja na kuvisaidia vikundi, na ushauri wake haulipiwi. Muulize pia kuhusu mikopo ya halmashauri isiyo na riba, ile asilimia 10 ya mapato ya ndani inayogawanywa 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu. Wakulima wa tumbaku, ambao pesa yao huja kwa msimu, wanaye afisa ushirika. Na ukitaka kujiunga na kikoba, omba kwanza ukae kikao kimoja kama mgeni. Angalia funguo ziko kwa nani, sikiliza kama daftari linasomwa. Wakikukatalia kuona, umeshapata jibu.

Mimi deni la shangazi nilimaliza miezi kadhaa baadaye. Siku ya kumpelekea fungu la mwisho nilidhani atanipongeza. Akahesabu, akaandika, akanipa kalamu nitie sahihi. Kisha akaniuliza, "Jumapili ijayo daftari utaleta, au umeshajua?"

Nitaleta, shangazi. Nitaleta.

Haya msomaji, tukutane wiki ijayo. Na kadi yako ya benki iko wapi sasa hivi? Hebu papasa mfukoni.