Mpira wa Meza Pwani ya Lindi (2): Chama Kabla ya Bingwa

Juma lililopita tulimaliza na mwaka 1926, mchezo huu ulipopata shirikisho la dunia. Leo tuje Afrika.

Shirikisho la bara letu liliundwa mwaka 1962 mjini Alexandria, Misri, na mwaka huohuo, mjini humohumo, yakachezwa mashindano ya kwanza ya ubingwa wa Afrika. Tanganyika ilikuwa imepata uhuru Desemba iliyotangulia tu. Nasisitiza tarehe hizi kwa sababu wapo wanaoamini kwamba chama huundwa wachezaji wakishang'ara. Haikuwa hivyo. Kikao kilitangulia, kanuni zikaandikwa, na miaka 54 ikapita kabla Mwafrika wa kwanza, Quadri Aruna wa Nigeria, hajafika robo fainali ya Olimpiki, mjini Rio de Janeiro mwaka 2016.

Kwetu ngazi ni wilaya, mkoa, kisha taifa, na sheria ya mwaka 1967 iliyounda Baraza la Michezo la Taifa inataka chama kisajiliwe. Mkoa wa Lindi wenyewe ulimegwa kutoka Mtwara mwaka 1971. Kijana wa Kilwa Masoko asiye na chama cha wilaya, hata awe hodari vipi, hana wa kumtaja mkoani.

Wengi husema kikwazo ni vifaa. Mimi sikubali. Meza ya kanuni ina urefu wa sentimita 274, upana wa 152.5 na kimo cha 76. Fundi seremala wa Kivinje akipewa mbao kavu ataitengeneza. Kinachotushinda ni upepo. Mpira una uzito wa gramu 2.7, na kusi likivuma kutoka baharini hakuna atakayejua kama pointi ameishinda yeye au upepo. Upepo uliozirudisha jahazi kaskazini kutoka Kilwa Kisiwani karne na karne ndio huohuo unaotulazimisha kucheza ndani.

Basi panatakiwa chumba: darasa pana, madirisha yaliyofungwa, taa ya kutosha jioni. Mwalimu mkuu hawezi kumkabidhi kila mpita njia funguo za darasa. Atazikabidhi kwa mwenyekiti na katibu wanaojulikana, walioweka saini, ambao ataweza kuwaita meza ikivunjika au taa ikiachwa inawaka. Hiyo ndiyo kazi ya kwanza ya chama, kabla ya kombe lolote.

Juma lijalo: katiba ya chama cha wilaya, kifungu kwa kifungu.