Boti Kuukuu ya Mbao: Yaliyo Chini ya Rangi

Nyarugusu ni mji wa dhahabu, si wa ziwa. Mkazi wake anayetamani kumiliki boti ya mbao yenye injini hana budi kuifuata kwenye mialo ya Ziwa Victoria, kama vile Nungwe na Nkome. Kwa kuwa boti mpya ni ghali, baadhi ya watu huungana na wenzao wenye shauku hiyohiyo, wakanunua chombo kilichochakaa kwa nia ya kukifufua. Shauku hiyo ni njema. Tunachotaka kumkumbusha msomaji ni kwamba bei ya kununulia aghalabu ni mwanzo tu wa gharama, na kwamba rangi mpya yaweza kuficha hasara kubwa.

Mchimbaji makini hashuki duarani kwa kuridhika na mwonekano wa matimba, huyakagua kwanza. Boti nayo yastahili ukaguzi huohuo, kwani ubao uliooza huhatarisha maisha sawasawa na nguzo iliyooza.

Mahali pa kutazama

Mitumbwi ya mbao inayojulikana kwa jina la Sese, kutokana na visiwa vya Sese nchini Uganda, hapo kale ilishonwa kwa kamba za miti. Siku hizi mbao hupigiliwa misumari juu ya mkuku, yaani mti mkuu wa chini unaobeba chombo chote, na juu ya mataruma, ambayo ni mbavu zake. Nyufa kati ya mbao huzibwa kwa pamba. Kazi hiyo huitwa kalafati.

Maji ya ziwa hayana chumvi. Hiyo ni heri kwa upande mmoja, maana wadudu wa baharini watoboao mbao hawaishi humo. Kwa upande mwingine, chumvi huzuia ukungu unaoozesha mbao, na maji baridi hayana kinga hiyo. Kwa hiyo uozo huanza pale maji ya mvua yanapotuama: sakafuni, kwenye maungio, chini ya viti, na katika ubao wa tezi unaobeba injini.

Chukua bisibisi uchomechome sehemu hizo kwa ridhaa ya muuzaji. Ubao mzima hukataa; uliooza huipokea ncha bila ubishi. Ugonge pia: mlio mkavu ni dalili njema, mlio mzito ni dalili ya uozo. Alama nyeusi kuzunguka misumari huonyesha kuwa chuma kimeshika kutu na mbao zinaanza kulegea. Chombo kilichofunikwa kwa plastiki ngumu ya kioo juu ya mbao kuukuu kitazamwe kwa shaka zaidi, kwa sababu unyevu ulionaswa ndani huendelea kuozesha mbao bila kuonekana. Muuzaji akikataa ukaguzi, amekwisha kukupa jibu.

Injini nayo isinunuliwe kwa kusikiliza mngurumo pekee. Ikiwa majini, hakikisha inatoa mkondo wa maji ya kupoozea. Angalia oili ya giaboksi: ikiwa na rangi ya chai ya maziwa, maji yameingia. Nakili namba ya injini na uilinganishe na iliyo kwenye hati za muuzaji, kwa kuwa injini za boti huibwa, na mali ya wizi haina mnunuzi halali.

Hesabu kabla ya shauku

Tuseme watu wanane wamechanga shilingi 500,000 kila mmoja, jumla shilingi 4,000,000. Wakinunua boti kwa shilingi 3,600,000, wamebaki na 400,000 za mbao, misumari, pamba, rangi na ujira wa fundi. Mkuku ukikutwa umeoza, boti itabaki juu ya mchanga na urafiki utaanza kuingia ufa. Afadhali walipe kwanza fundi asiye na uhusiano na muuzaji ili aikague, kisha wajadili bei wakiwa na makadirio ya matengenezo mkononi.

Waandike pia mapatano yao wenyewe: hisa ya kila mmoja, nani anatunza fedha, nani anaruhusiwa kuidhinisha malipo, na mtu akijitoa atarudishiwa nini. Mdomo husahau, karatasi hukumbuka.

Kazi ya fundi

Mkataba na fundi utaje aina ya mbao, unene wake, aina ya misumari na muda wa kazi. Mbao ziwe zimekauka vema, kwani mbao mbichi husinyaa na kufungua nyufa. Mdai muuzaji wa mbao risiti, pamoja na kibali cha kusafirishia mazao ya misitu.

Msilipe fedha zote kwa mkupuo. Lipeni kwa awamu: baada ya mbao mbovu kuondolewa, baada ya mbao mpya kupigiliwa, kabla ya kalafati na rangi, na salio baada ya boti kujaribiwa majini. Kwa kuwa Nyarugusu iko mbali na mwalo, mmoja wenu afike katika kila awamu na kupiga picha kabla kazi haijafunikwa.

Boti iliyokaa nchi kavu kwa muda mrefu huvuja inaposhushwa, kisha mbao hunywa maji, huvimba na kujibana. Hilo ni la kawaida. Lakini uvujaji usiopungua baada ya siku mbili au tatu ni kasoro ya kazi au ya mbao, na boti irudishwe nchi kavu. Aidha, nyufa zisizibwe kwa kitu kigumu boti ikiwa kavu, kwani mbao zikivimba zitasukumana na kung'oa misumari.

Kabla ya kuondoka ufukoni

Shirika la Uwakala wa Meli Tanzania (TASAC) ndilo linalosimamia usajili na ukaguzi wa usalama wa vyombo vya majini. Pelekeni boti ikaguliwe, na msibebe mtu yeyote kabla ya hapo. Kila aliyemo awe na jaketi okozi, na injini isizidi nguvu ambayo ubao wa tezi unaweza kuihimili.

Mkidanganywa na mfanyabiashara, Sheria ya Ushindani Namba 8 ya mwaka 2003 inakataza mwenendo wa kupotosha na kudanganya katika biashara, na Tume ya Ushindani (FCC) ndiyo inayoisimamia. Andaeni mkataba, risiti, picha na namba ya injini. Mwenye vielelezo hivyo husikilizwa kwa urahisi zaidi kuliko mwenye maneno matupu.